Sikuandika "Hapana," Dada Somoe

Dada yangu Somoe, uliye upande wa pili wa mto,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, mjomba naye ni mzima ila amenuna. Barua hii sikuitia gundi. Tangu vita vya huko kwenu vianze, posta ya Mtwara haina njia ya kufikisha hata salamu Kionga, na mimi mwenyewe sijui kama bado uko Kionga au Mreno amekuhamishia wapi. Kwa hiyo nimeiacha wazi. Anayetaka kuisoma aisome, wakiwemo wale jamaa wa maofisini, maana mengi yaliyomo humu yanawahusu.

Nina hasira, dada. Nakuambia mapema ili usishangae ukikuta nimepandisha sauti katikati ya barua. Nimeomba viza ya biashara niende Ulaya, nao wamenitaka niandike kwamba sina dada.

Najua hapo umecheka. Zena kwenda Ulaya! Zena aliyekuwa akitapika mtumbwini hata kabla hatujatoka kwenye mikoko! Cheka, nakuruhusu. Ukimaliza nisikilize.

Unayakumbuka makome yale makubwa, mekundu, yenye mdomo mnene, tuliyokuwa tukiyaokota mwambani maji yakipwa sana? Wewe ndiye uliyenifundisha kuyafukia mchangani nyuma ya nyumba mpaka nyama ioze na sisimizi wamalize kazi, ndipo tuyaoshe. Uvundo ule ulikuwa haupimiki. Bibi alilalamika kwamba hakuna mchumba atakayepita njia ile, nawe ukamjibu, "Atakayepita na uvundo huu ndiye mchumba wa kweli." Bakari akapita. Alikuwa na mafua makali siku ile, na mpaka leo nashikilia kwamba hukumpata kwa uzuri, ulimpata kwa mafua.

Basi makome yale yale ndiyo biashara yangu sasa. Ulaya kuna mafundi wanayachonga. Wanakwangua ganda taratibu mpaka inatokea sura ya mwanamke, nyeupe juu ya wekundu, na mabibi wa huko wanaivaa kifuani kama pambo. Niliiona kwa macho yangu. Baharia mmoja wa meli iliyokuja bandarini kupakia korosho alikuwa nayo, anampelekea mkewe, akamwonyesha Bi Fatu, na Bi Fatu akanivuta mkono nikatazame. Bi Fatu unamjua, yule binti wa jirani aliyekuwa akituibia ubuyu tukiuanika. Siku hizi ndiye mshirika wangu, ubuyu nimeshamsamehe.

Tuko akina mama wengi tunaookota. Tunainama mwambani tangu asubuhi, migongo inatuuma, miguu inachanwa na mawe, halafu mchuuzi anakuja na gunia lake, anaangalia kazi yetu kama anaangalia takataka, anatulipa anachotaka, anakwenda zake. Tukibisha anasema haya ni makonokono tu, nani mwingine atayanunua. Nilimwambia siku moja kwamba kama ni makonokono tu ayaache basi, akakasirika. Hapo ndipo niliposema nitamtafuta mwenyewe anayeyachonga.

Nilimwendea Mwalimu Hosea, jirani yetu hapa Likombe, mtu wa Songea, mpole, anafundisha Kiingereza. Akaniandikia barua kwenda kwa fundi yule wa Ulaya, maana baharia alituachia jina na anwani. Sikutegemea jibu. Jibu likaja, dada, kwenye karatasi nzito yenye picha ya kome juu. Fundi anasema njoo na sampuli, uone mwenyewe tunavyochagua, tukubaliane bei na namna ya kufunga mzigo, tuandikiane mkataba, na safari ataigharimia yeye. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mjomba akatoka nje kuuliza ni nani anaolewa.

Nchi yenyewe siitaji humu. Bado nina shida nao, na wenyewe ni wepesi wa kuchukia.

Ukitaka kwenda kwao lazima uombe kwa balozi wao aliyeko Dar es Salaam, na ili upate pasipoti ya kumpelekea, lazima uwe na barua ya balozi wa nyumba kumi wa hapa mtaani. Mjomba alipata tabu kuwatenganisha. Nilipomwambia naenda Dar kwa balozi, akasema, "Dar ya nini? Balozi si yule pale anakaanga samaki?" Nikamweleza kwamba yupo balozi wa nyumba kumi na yupo balozi wa nchi nzima. Akauliza huyo wa nchi nzima ana nyumba ngapi. Nilicheka peke yangu njia nzima nikikukumbuka, maana wewe ungemjibu kwa idadi.

Nilipanda meli. Nilitapika, ndiyo, usiulize.

Kabla sijakueleza yaliyonikuta ubalozini, kumbuka mambo ya kwetu. Wewe na mimi tulizaliwa karibu na mdomo wa Ruvuma, nyumba yetu upande huu, mpunga wa bibi upande ule. Jioni bibi akisema, "Kesho ng'ambo," tulijua ni kuamka alfajiri, jembe begani, sufuria kichwani. Mjomba anapiga kasia, wewe unaimba, mimi nimeinama nje ya mtumbwi. Tulikuwa tukikaa huko msimu mzima, tunashinda juu ya dungu tukiamia ndege wasiumalize mpunga. Wewe ulikuwa na sauti. Ukipiga kelele, ndege wote wanaruka kwenda kutua kwenye shamba la jirani, na jirani anakuja kutugombeza kwamba tunamhamishia balaa.

Na siku ile alipokuja sipai, askari wa Mreno, na kofia yake nyekundu, akamwuliza bibi karatasi za kuvukia, bibi aliinua jembe akamwambia, "Karatasi yangu hii, isome." Sipai alilitazama jembe, akamtazama bibi, akaomba maji ya kunywa. Tulipomwuliza bibi kama hakuogopa, alishangaa. "Niogope nini? Ntu akivuka nto hajasafiri. Kaenda uani kwake."

Mimi nimelelewa na maneno hayo. Sikujua kwamba ng'ambo ya watu wa Dar es Salaam ni nyingine kabisa.

Pale ubalozini nilikalishwa mbele ya Mzungu mmoja mwekundu, mwenye adabu, na pembeni yake kijana wa Kitanzania aliyefunga tai, ndiye mkalimani. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha redioni. Nilikuwa nimevaa baibui jipya, makome yangu nimeyafunga vizuri kwenye kikapu. Mambo yalianza vyema. Mzungu alilishika kome moja, akaligeuzageuza, akalisikiliza sikioni kama mtoto. Nikajua nimeshapita.

Kisha mkalimani akaniuliza, "Mama, umewahi kwenda ng'ambo?"

"Nimekwenda sana," nikamjibu.

Akatafsiri. Mzungu akaifungua pasipoti yangu, akaipekua, yote nyeupe, haina hata doa.

"Ulikwenda lini?"

"Tangu sijaota meno. Kila msimu."

"Kwa pasipoti gani?"

"Kwa mtumbwi."

Yule kijana alinitazama kwanza kabla ya kutafsiri. Akaniuliza huko ng'ambo nilikuwa nikifanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa naamia ndege. Akasema neno hilo halijui. Nikamwelewesha, "Kulinda. Mimi na dada yangu tulikuwa tunalinda ndege."

Dada, usicheke bado. Kijana wa mjini akisikia ndege anaona ile yenye injini. Akatafsiri hivyo hivyo. Mzungu akaacha kuandika. Akauliza, na kijana akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndege ngapi?"

"Nani awezaye kuwahesabu!" nikasema. "Wakija asubuhi wanatia giza."

Kijana akaniuliza kama ni za jeshi. Nilipotambua kosa limekaa wapi, nilisimama nikapunga mikono kama mabawa, nikalia kama ndege wa mpunga, mbele ya picha ya mkuu wao wa nchi iliyo ukutani. Kijana akaangua kicheko, akamweleza Mzungu, na Mzungu naye akatabasamu. Nikadhani tumemaliza. Lakini akaenda kwenye ramani, akaniomba nimwonyeshe hiyo ng'ambo. Nikaweka kidole. Kidole kiliangukia kwa Mreno, palepale penye vita, na tabasamu likamtoka.

"Na huko sasa yuko nani wako?"

Ningeweza kunyamaza. Unajua mdomo wangu, ulikuwa ukisema siku moja utanipeleka jela. Lakini sikusema kwa sababu ya mdomo. Nilisema kwa sababu nimeulizwa habari zako, na ni muda mrefu hapakuwa na mtu aliyeniuliza.

"Dada yangu Somoe," nikasema. "Ameolewa Kionga na fundi cherehani."

Wakanirudishia pasipoti yangu. Kijana alinisindikiza mpaka nje, na nitasema haki yake, alikuwa mtoto mwema. Alinipa fomu nyingine tupu. "Mama, nikusaidie kama mwanao. Wanaogopa vile vita, hawataki mtu mwenye watu wake kule. Nenda kajaze upya, uitume kwa posta. Panapouliza kama umewahi kwenda ng'ambo, andika hapana. Panapouliza kama una ndugu nje ya nchi, andika hapana. Hutakuwa umemwibia mtu."

Nilimshukuru. Nilirudi Mtwara na ile fomu ndani ya kikapu, juu ya makome.

Akina mama walinipokea bandarini. Nilipowaeleza habari ya ndege walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilipowaeleza habari ya hapana, waliona jambo limekwisha. "Si uandike tu," walisema. Walikuwa wameshaanza kupanga watakavyofanya. Mmoja anataka kuezeka bati, mwingine anataka kumtoa mwanawe kwa shangazi yake ampeleke shule. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapanga.

Niliposema sijaamua, Bi Fatu alinijia juu. "Zena, unataka kutukosesha sote kwa neno moja? Somoe mwenyewe angekuwapo angekwambia uandike."

Hilo liliniuma kwa sababu ni kweli. Ungeniambia niandike. Ungeninyang'anya kalamu uandike wewe. Kisha Bi Fatu akaongeza la pili, ambalo sikulitegemea. "Na huyo dada unayemng'ang'ania, wewe unajua yupo?"

Watu wote walitazama chini. Nikaelewa kwamba walikuwa wakilisema jambo hilo nyuma yangu siku nyingi.

Sasa nikwambie kuhusu mjomba, na usimchukie. Kila kundi la wakimbizi lililovuka, mjomba na mimi tulikwenda kuwauliza. Tuliwasimulia sura yako, kovu lako la kidevuni, sauti yako. Mmoja alisema watu wa Kionga walikusanywa wakatiwa ndani ya kijiji chenye uzio wa waya. Mwingine alisema wengi walikimbilia porini. Hakuna aliyesema amekuona u mzima, na hakuna aliyesema amekuona umekufa. Mjomba alichoka kuuliza kabla yangu. Alianza kusema taratibu kwamba tukusomee hitima. Mwanzoni alisema kwa mbali, baadaye akataja na siku. Kisa cha fomu kilipotokea, alikiona kama njia ya kunituliza.

"Mwanangu," aliniambia, "hii ni ishara. Andika huna dada, tumsomee hitima yake, apumzike na wewe upumzike. Kumngoja ntu asiyekuja ni kujiumiza."

"Shikamoo nakupa, mjomba, na heshima yako nakupa," nikamwambia, "lakini hilo sikupi. Hitima anasomewa aliyekufa. Nionyeshe kaburi."

Alichukua tasbihi yake akaondoka. Tangu hapo amenuna, anakula kwangu lakini hasemi nami.

Dada, niliogopa. Sijifanyi jasiri mbele yako, wewe uliyenifuta matapishi. Niliogopa kwamba wao wana akili na mimi ni mpumbavu. Niliiweka fomu ile juu ya kabati, kila nikipita naiona. Nilijiambia ni karatasi tu. Nilijiambia Mungu anajua moyo wangu. Nilijaribu hata kulitamka jikoni, peke yangu, nikikuna nazi: sina dada. Mbuzi ikanikata kidole, na nikatukana tusi ambalo bibi angenichapa kwalo.

Kilichonirudisha ni siku ya harusi yako. Sijui kwa nini ilinijia wakati ule, pengine ni ile harufu ya nazi. Walikuwa wamekupamba, udi umefukizwa, wote wanacheka, na mimi nimejibanza nyuma ya nyumba nalia kwa sababu unaondoka. Ulinifuata ukiwa na hina mbichi mikononi, ukashindwa kunishika, ukanifuta machozi kwa kiwiko. Ukaniambia, "Unalia nini, Zena? Naenda ng'ambo, siendi mbali."

Na kweli hukwenda mbali. Ulikuja nilipomzaa Hawa, ukanikanda, ukanipikia, ukanigombanisha na mama mkwe wangu, ukaondoka na kanga yangu mpya ukisema utairudisha Maulidi. Maulidi hayakufika kabla ya vita. Kanga siidai, lakini nakukumbusha.

Hayo ndiyo wanayotaka niyaandikie hapana. Umewahi kwenda ng'ambo? Hapana. Basi mpunga wa bibi haukuwapo, na dungu halikuwapo, na nani basi alikuwa akipiga kelele mpaka majirani wanakuja kugomba? Una ndugu? Hapana. Basi hawa watoto wangu nani alimkanda mama yao? Nilikasirika nikiwa pale pale kwenye mbuzi ya nazi, damu inanichuruzika, nikasema hata. Hata kidogo. Mreno ameufunga mto kwa bunduki, hilo siliwezi. Lakini kuufunga kwa kalamu yangu mwenyewe, hilo hawalipati.

Nikaenda kwa Mwalimu Hosea na fomu. Alikaa tayari kuandika, miwani puani. Nadhani Bi Fatu alikuwa ameshampitia, kwa sababu aliniuliza kwa upole mara mbili kama nina hakika. Aliniambia hata neno lenyewe kwa Kiingereza ni fupi sana, halichukui nafasi.

"Mwalimu," nikamwambia, "una dada?"

"Ninao wawili."

"Waandikie hapana basi, tuone."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika. Umewahi kwenda ng'ambo: ndiyo, mara nyingi, kwa mtumbwi, kulima mpunga na kufukuza ndege wenye manyoya. Hayo ya manyoya niling'ang'ania yawemo. Una ndugu nje ya nchi: ndiyo. Jina: Somoe. Uhusiano: dada, tumbo moja. Anakoishi: Kionga, ng'ambo ya Ruvuma. Kazi yake: mpika vitumbua. Hapo Mwalimu aliuliza vitumbua kwa Kiingereza ni nini, na tukabishana mpaka mkewe akatuletea chai.

Nikatia sahihi kwa mkono wangu, herufi kubwa kubwa. Nikaitia posta bila kumwambia mtu, kisha nikawaambia wote siku hiyo hiyo, maana kuficha siwezi. Bi Fatu aliifunga kanga yake kiunoni akaondoka. Tuliendelea kuokota makome mwamba mmoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, na mchuuzi aliendelea kuja na gunia lake.

Jibu limefika wiki hii.

Bahasha ilikuwa ndefu, ina nembo yao. Mwalimu Hosea alikuja nayo barazani kwangu, na kabla hajakaa akina mama walikuwa wameshajaa. Sijui habari huwafikiaje. Bi Fatu naye alikuja, akasimama kwenye nguzo. Mjomba alikuwa amekaa mwisho wa mkeka wake na tasbihi, amegeuza uso kama kawaida yake siku hizi.

Mwalimu alisoma moyoni kwanza, na uso wake ukatuambia. Kisha akasoma kwa sauti, akitafsiri. Wanasikitika. Ombi langu la viza ya biashara limekataliwa. Nilisikia pumzi za akina mama zikishuka. Mmoja alianza kukusanya kanga yake aondoke, na sikuweza kumtazama machoni. Nimewakosesha, dada. Nasema wazi, niliwatazama wale wanawake wenye miguu yenye makovu na moyo uliniuma, na unaniuma hadi sasa.

Mwalimu aliendelea kwa sababu ni mtu wa kumaliza anachokianza. "Sababu," akasoma. "Mwombaji ana dada anayeishi katika eneo lililo chini ya Wareno..."

"Rudia hapo, Mwalimu," nikasema.

"Mwombaji ana dada."

"Ana, au alikuwa na?"

Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Ana," akasema. "Wameandika ana. Na hapa wameandika anayeishi."

Tasbihi ya mjomba ilikuwa imesimama. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aligeuka akatutazama. Akauliza, "Nhuri upo?"

"Muhuri upo, mzee. Na sahihi."

Mjomba aliinamisha kichwa. Kisha akasema, wala hakusema nami, alisema na mkeka, "Hitima tuiache kwanza."

Najua unachotaka kunijibu. Wao wanajua nini? Wameandika hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Najua, dada, sijarukwa na akili. Lakini watu wangu wenyewe niliwaambia yale yale na hawakuniamini, wakataka kukuzika bila maiti. Wageni wasiokujua wamekuogopa kiasi cha kuninyima safari. Mtu haogopi asiyekuwapo. Kwa hilo tu nawashukuru, na kwa mengine yote nawanunia.

Bi Fatu hajanisamehe, na ana haki yake. Lakini jana alipita uani kwangu, akakaa, akaniuliza kama Mwalimu anaweza kumwandikia fundi yule wa Ulaya kwamba kama sisi hatuwezi kwenda, aje yeye, tutamlaza na kumlisha. Nikamwambia barua hiyo ilishaondoka. Akasema, "Ungeandika tu..." akaishia hapo, kisha akanisaidia kuosha makome. Ombi jipya la viza nitalipeleka pia. Majibu yatakuwa yale yale, herufi kwa herufi, na wakininyima tena nitaomba tena, mpaka wachoke wao, maana mimi sichoki, umenilea mwenyewe unanijua.

Sasa nimalize, mafuta ya taa yanakwisha na mkono unauma. Msalimie Bakari kama mafua yamemwacha. Kama mko nyuma ya waya, kaeni nyuma ya waya mkiwa hai. Kama mko porini, kaeni porini mkiwa hai. Sikuombi uje, sikuombi uandike, sikuombi hata ile kanga. Nakuomba jambo moja tu. Nimewatilia watu sahihi kwa jina langu kwamba upo. Usinifanye mwongo, dada.

Ni mimi, mdogo wako,
Zena